Gharama ya Kushusha Jiwe

Mwenye mgodi katika milima ya San Juan, kusini magharibi mwa jimbo la Colorado nchini Marekani, aliweza kulala juu ya utajiri na bado akafa maskini. Wengi walikufa hivyo. Mbale yake ya fedha ilikuwa juu, mita elfu tatu na zaidi kutoka usawa wa bahari. Wanunuzi na tanuri za kuyeyushia walikuwa chini, mwendo wa siku kadhaa kwa mnyama wa mizigo. Nauli ya kulishusha jiwe ikizidi thamani ya fedha iliyomo ndani yake, jiwe lilibaki mlimani, na mwenye jiwe akaenda kuomba kibarua kwa jirani.

Hadithi zinazopendwa kuhusu milima hii ni za bahati: mtu kajikwaa kwenye jiwe, kesho yake tajiri. Zipo, na nyingine ni za kweli. Lakini anayetaka kuelewa kwa nini mji huu uliinuka na ule ukafa, kwa nini mgodi mmoja ulidumu vizazi vitatu na mwingine misimu mitatu, afuate mzigo: nani aliubeba, kwa njia gani, na nani alilipa. Mgeni ana nafasi nzuri ya kufanya hivyo, maana njia zenyewe bado zipo. Akiondoka Ouray alfajiri kwa gari, anaweza kuvuka safu ya milima hadi Silverton, akapanda bonde hadi magofu ya Animas Forks, akarudi, kisha akateremka Durango kabla ya giza. Ni kama kilomita 160, na sehemu kubwa ya njia hiyo ilichongwa ili jiwe lishuke.

Ouray umekaa kwenye sakafu ya bonde jembamba, mita 2,375 juu ya usawa wa bahari, magenge yameuzunguka pande tatu. Chemchemi za maji moto zinazovutia watalii leo zilitumiwa na Waute, wenyeji wa milima hii, muda mrefu kabla ya wachimbaji kufika. Mji wenyewe una jina la kiongozi wao. Mkataba wa mwaka 1868 ulikuwa umewahakikishia Waute sehemu kubwa ya magharibi ya Colorado, milima ya San Juan ikiwemo. Wachimbaji walikuwa wamekwisha kuionja milima hiyo: Charles Baker aliongoza msafara hadi bonde la juu la mto Animas mwaka 1860, akapata dhahabu kidogo sana mchangani, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vikawatawanya watu wake. Muongo mmoja baadaye walirudi, safari hii wakitafuta mishipa ndani ya mwamba, na hawakujali mkataba.

Mwaka 1873 serikali ilimtuma Felix Brunot kwenda kununua milima. Alijua kwamba Ouray alikuwa na mtoto wa kiume aliyetekwa utotoni na watu wa kabila jingine, akaahidi kusaidia kumtafuta. Mtoto huyo hakurudi nyumbani. Waute walitia sahihi, wakaachia kiasi cha hekta milioni moja na nusu kwa malipo ya dola 25,000 kwa mwaka, wakibakiziwa haki ya kuwinda huko maadamu wanyama wapo na amani ipo. Ouray aliamini kwamba kutoa milima kungeliokoa bonde la malisho chini yake. Alifariki mwaka 1880. Mwaka uliofuata askari waliwasindikiza watu wake, kundi la Waute wa Uncompahgre, hadi Utah, pamoja na mjane wake Chipeta, aliyeishi huko hadi mwaka 1924. Msafiri anayenunua kahawa yake ya asubuhi katika mji huu anastahili kulijua hilo kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu mzigo wa kwanza kushushwa kutoka milimani walikuwa ni watu.

Barabara inatoka mjini kwa kona kali, moja juu ya nyingine, kisha inajinyonga juu ya korongo la mto Uncompahgre. Aliyeifungua ni Otto Mears. Alizaliwa mwaka 1840 huko Kurland, pwani ya Baltiki, wakati huo chini ya dola ya Urusi, katika familia ya Kiyahudi. Akawa yatima mapema na kufika California akiwa bado mtoto. Alikuwa askari, mwenye duka, mkulima wa ngano. Inasemekana ngano yenyewe ndiyo iliyomfanya mjenzi: alitaka kuipeleka sokoni, hakukuwa na njia, akachonga njia na kuwatoza wengine waliotaka kuipita. Baada ya hapo hakuacha. Kilomita kama 700 za barabara za kulipia katika milima hii zilikuwa kazi yake.

Kipande cha kutoka Ouray kwenda kambi ya wachimbaji ya Red Mountain kilifunguliwa mwaka 1883, na mwaka uliofuata njia ikaungana na Silverton. Wafanyakazi walining'inizwa kwa kamba kwenye genge ili watoboe matundu ya baruti. Mears aliweka kizuizi chake cha ushuru kwenye maporomoko ya Bear Creek, mahali ambapo mwamba umesimama wima upande mmoja na shimo limekaa upande wa pili, hivyo hapakuwa na namna ya kumzunguka. Ushuru ulilalamikiwa sana. Hata hivyo magari ya farasi yalipita, kwa sababu gari moja lilibeba mzigo wa punda wengi, na mbale ambayo jana haikulipa nauli leo ililipa.

Mears alijua lugha ya Waute na kuwa mkalimani wao katika mazungumzo na serikali. Mwaka 1880, walipotakiwa kukubali mkataba uliosababisha wahamishwe, aliwalipa waliotia sahihi dola 2 kila mmoja. Alishtakiwa kwa rushwa, akajitetea kwamba Waute walizithamini dola hizo mbili kuliko ahadi za serikali zisizotekelezwa, na mashtaka yakafutwa. Barabara yake ni kazi ya ustadi wa ajabu, nami naiheshimu. Lakini mikono iliyoifungua ndiyo iliyogawa dola hizo, na mambo hayo mawili hayatenganishwi na miaka.

Barabara ya sasa, inayojulikana kama Million Dollar Highway, ilijengwa upya miaka ya 1920 juu ya njia ile ile. Sehemu nyingi hazina ukingo wa chuma upande wa bonde. Mgeni huogopa, akadhani ni uzembe. Sababu yake ni theluji, ambayo matrekta huisukuma hadi itumbukie korongoni, na ukingo ungeizuia. Theluji hapa si pambo. Mahali paitwapo East Riverside, poromoko hushuka kutoka mlimani moja kwa moja hadi barabarani, na wakati mwingine jingine hushuka kutoka mlima wa ng'ambo. Mwaka 1963 lilimzika mchungaji wa kanisa pamoja na binti zake wawili, akielekea Silverton kuongoza ibada ya Jumapili. Madereva watatu wa matrekta ya theluji walikufa kwenye njia hii, mwaka 1970, 1978 na 1992. Kuna mnara wa ukumbusho wao kando ya barabara. Inafaa kusimama hapo, hata kama ni Julai na jua linawaka.

Juu, kabla ya kufika kwenye pito la Red Mountain lenye mita 3,358, milima hubadilika rangi: nyekundu ya matofali, machungwa, manjano. Ni kutu. Zaidi ya miaka milioni 25 iliyopita volkano kubwa zililipuka hapa na kuporomoka ndani, zikaacha nyufa za mviringo, na maji ya moto kutoka chini yakapanda katika nyufa hizo yakiwa na shaba, risasi, zinki, fedha na dhahabu, pamoja na wingi wa madini ya chuma na salfa. Chuma hicho kinapokutana na hewa na mvua huota kutu, na salfa hugeuka asidi. Milima ilikuwa ikivuja asidi kabla mtu yeyote hajaigusa kwa nyundo.

Karibu na barabara bado umesimama mnara wa mbao wa mgodi wa Yankee Girl. Mwaka 1882 mtafutaji madini John Robinson, akiwa kwenye mawindo, aliokota jiwe na kushangazwa na uzito wake; ndani lilikuwa risasi na fedha. Mbale ya Yankee Girl ilisimama wima ardhini kama bomba, tajiri kiasi kwamba ililipa nauli hata ya mgongo wa baghala. Mears akaleta reli. Mwaka 1888 treni yake kutoka Silverton ilifika Red Mountain na kuendelea hadi Ironton, kwenye mteremko mkali hata ikabidi meza ya kugeuzia injini iwekwe katikati ya njia kuu, kitu kisichoonekana kwingine kwa urahisi. Kutoka Ironton hadi Ouray zimebaki kilomita chache tu. Treni haikuzivuka kamwe. Korongo lilikuwa kali mno, na Mears akaamua kuzunguka kwa reli nyingine ndefu upande wa magharibi.

Kadiri mashimo ya Yankee Girl yalivyozama, maji yalizidi kuwa asidi. Yalikula mabomba, pampu, reli na misumari. Vyuma vilivyoletwa kwa gharama kubwa viliharibika kwa muda mfupi. Wamiliki waliona hasara yao. Hakuna aliyejiuliza maji hayo yakishatoka mgodini yanakwenda wapi.

Kisha ukaja mwaka 1893. Sheria ya mwaka 1890 iliilazimisha serikali ya Marekani kununua aunsi milioni 4.5 za fedha kila mwezi, na bei ilisimama kwa nguvu ya mnunuzi huyo. Mwezi Juni 1893 serikali ya Uingereza ilifunga viwanda vya sarafu vya India visipokee tena fedha ya watu binafsi kuigeuza rupia. Hii ndiyo rupia iliyopita mikononi mwa wafanyabiashara wa Zanzibar na Mombasa. Soko kubwa kuliko yote la fedha duniani likafungwa kwa tangazo moja, na katika siku chache bei ikaanguka kutoka senti 80 na ushei kwa aunsi hadi senti 60 na ushei. Mwezi Novemba Bunge la Marekani likaifuta ile sheria ya ununuzi. Uamuzi uliofanywa kwa ajili ya hazina ya India ulizima mashine za Colorado, kwa hesabu ile ile ya mwanzo: jiwe halikubadilika, njia haikubadilika, lakini nauli sasa ilizidi thamani.

Waliosalia walikuwa na dhahabu. Thomas Walsh, mzaliwa wa Tipperary, Ireland, alikuwa na tanuri Silverton na alihitaji mawe yenye silika nyingi ya kuchanganya katika uyeyushaji. Mwaka 1896 alipekua migodi iliyotelekezwa katika bonde la Imogene, juu ya Ouray, na kwenye mawe yaliyotupwa na wachimbaji wa fedha akakuta dhahabu. Hawakuiona kwa kuwa hawakuitafuta. Mgodi wake, Camp Bird, ulimfanya kuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa nchi. Aliuuza mwaka 1902 kwa kampuni ya London kwa zaidi ya dola milioni 5, na binti yake Evalyn baadaye akanunua almasi ya Hope. Mimi kinachonivutia kwa Walsh ni bweni lake. Aliwawekea wachimbaji umeme, joto la mvuke, maji ya bomba na vyombo vya kauri mezani, wakati kwingine watu walilala kwa zamu kwenye kitanda kimoja chenye chawa. Ilionekana basi, bila shaka yoyote, kwamba mambo yale yaliwezekana. Wenye migodi wengine hawakutaka kuyalipia.

Silverton unatokea ghafla chini ya kona ya mwisho: uwanda mdogo wa kijani, nyumba za mbao za rangi, mitaa mipana, milima pande zote. Uko mita 2,840, juu kidogo ya kibanda cha Mandara kwenye njia ya Marangu ya Kilimanjaro, na mgeni wa pwani atahisi pumzi yake. Mji ulipimwa mwaka 1874. Wakazi wa kudumu leo ni mamia machache, na ndio mji pekee uliosajiliwa katika kaunti nzima. Wakati wa migodi walikuwapo maelfu: Wakornwall waliokuja na ujuzi wa shaba na bati, Wairish, Waswidi, Waitalia, Waslavi. Mtaa wa Greene ulikuwa wa mabenki, mtaa wa Blair wa vilabu vya pombe na madanguro, na watu wa mitaa yote miwili waliishi kwa mbale ile ile.

Mtalii huonyeshwa Blair kwanza. Mimi ningempeleka makaburini, Hillside, kwa sababu hapo hesabu ya mzigo imeandikwa kwa majina. Mashine za kutobolea zilizoingia mwishoni mwa karne ya 19 zilipiga haraka kuliko nyundo, lakini zilitoboa kavu na kujaza handaki vumbi laini la mawe. Vumbi hilo liliganda mapafuni. Wachimbaji waliita mashine hizo watengenezaji wa wajane. J. George Leyner wa Denver alibuni mashine yenye chuma kilichotobolewa katikati ili kipitishe maji ya kuua vumbi. Ilichukua miaka mingi migodi yote kuikubali. Kijana wa miaka 20 aliyeanza na mashine kavu aliweza kukosa pumzi ya kupanda ngazi kabla hajafika 40.

Chama cha wachimbaji kilipigania siku ya saa nane na mshahara wa dola 3, kikajenga ukumbi wake na, mwaka 1909, hospitali ya matofali ambayo bado inaonekana. Watu wale wale walishiriki mwaka 1902 katika kuwafukuza Wachina wa Silverton, waliokuwa na migahawa na madobi. Walifukuzwa kwa nguvu, na mji haukuwarudishia chochote. Mwaka 1918 homa ya mafua ikapanda na treni. Katika majuma machache ya Oktoba na Novemba ilichukua karibu mtu mmoja kati ya kila kumi, na wengine walizikwa katika kaburi la pamoja. Mapafu yaliyokwisha kujaa vumbi hayakuwa na kinga.

Kutoka Silverton njia ya vumbi inafuata mto Animas kwenda juu. Ni tuta la reli ya zamani. Mears aliifikisha Eureka mwaka 1896 na Animas Forks mwaka 1904. Kushoto na kulia, juu kabisa, kuna vibanda vya mbao vimeshikilia magenge mahali ambapo hata mbuzi angefikiri mara mbili. Bweni la mgodi wa Old Hundred ni mojawapo, limejengwa mwaka 1904 juu ya mlima Galena. Mgodi wenyewe leo hupokea watalii kwa kiberenge kinachoingia ndani ya mlima, na wachimbaji wastaafu wamekuwa miongoni mwa wanaoongoza wageni na kuwasha mashine ili wasikie kishindo. Ingia. Giza na baridi ya humo hufundisha kwa nusu saa kile ambacho kurasa mia haziwezi.

Kila ubao wa vibanda vile vya juu ulipandishwa. Punda alibeba kilo kati ya 45 na 70; baghala alibeba zaidi. Walipanda na unga, makaa, baruti, majiko, nguzo, vipande vya injini vilivyofunguliwa chini na kuunganishwa tena juu. Kitu kilichowatesa zaidi ni kebo. Kebo ya chuma ya kilomita nzima haikatwi, kwa hiyo ilikunjwa mafungu, kila baghala fungu lake, na kati ya fungu na fungu kebo iliendelea bila kukatika. Msafara mzima ulifungwa pamoja. Akiteleza mmoja, aliwavuta wenzake kuelekea genge. Wachungaji wa misafara hiyo walikuwa watu wa thamani kuliko wahandisi, kwa maoni yangu, na majina yao mengi hayakuandikwa popote.

Kebo zilizofika salama zilibadilisha kila kitu. Zilining'iniza ndoo za chuma zilizoteremka zimejaa na kupanda tupu, uzito wa zinazoshuka ukivuta zinazopanda. Mvuto wa ardhi, uliokuwa adui wa kila aliyebeba mzigo kupanda, sasa ulifanya kazi bila mshahara. Wachimbaji walipanda kazini ndani ya ndoo hizo hizo, mita nyingi juu ya bonde, hata wakati wa theluji.

Eureka imebaki na misingi ya zege iliyopanda mlima kama ngazi: kiwanda cha kuchenjua cha Sunnyside, kilichoanza kazi mwaka 1918 na kuwa miongoni mwa vya mwanzo Amerika Kaskazini kutenganisha risasi na zinki kwa povu. Mawe husagwa yakawa unga, unga hutiwa maji na kemikali, hewa hupulizwa, na punje za madini hushikamana na mapovu na kuelea huku mchanga ukizama. Hii pia ilikuwa njia ya kupunguza mzigo. Badala ya kushusha jiwe zima, walishusha makinikia peke yake, na visusu, yaani mchanga uliobaki, wakaviachia mto.

Animas Forks iko mwisho wa bonde, kwenye mita 3,400 na ushei. Nyumba zipatazo kumi zimesimama, mbao zao zimekauka kuwa kijivu, na shirika la ardhi ya umma pamoja na kaunti wameziimarisha ili zisianguke. Nyumba ya William Duncan, iliyojengwa mwaka 1879, ina dirisha lililotokeza nje kama la nyumba ya mjini. Mtu alilibeba dirisha lile hadi huku kwa sababu mkewe au yeye mwenyewe alitaka kuona bonde akiwa ndani. Mwaka 1883 watu 450 hivi waliishi hapa. Mwaka uliofuata dhoruba ya theluji ilidumu siku 23, na wakazi wakachimba mahandaki ndani ya theluji kutoka nyumba hadi nyumba. Mwaka 1904 ulijengwa hapa kiwanda kikubwa cha Gold Prince. Mwaka 1910 kikafungwa, na mwaka 1917 kikavunjwa ili vifaa vyake vikajenge kile cha Eureka. Kiwanda kiliposhuka, mji haukuwa na sababu ya kubaki.

Wakati wa kurudi, kilomita chache kabla ya Silverton, kiko kiwanda cha Mayflower. Kilianza kusaga mwaka 1930 na kuzimwa mwaka 1991, na mashine zake zimeachwa zilipokuwa: mapipa ya kusagia, masinki ya povu, maabara yenye mizani. Ndoo bado zinaning'inia kwenye kebo iliyokwenda karibu kilomita 3 hadi mgodini. Meneja wake, Charles Chase, alianza katika miaka ya 1930 kuhifadhi visusu kwenye mabwawa badala ya kuvimwaga mtoni, jambo ambalo wachache walilifanya wakati huo. Wakulima wa chini walikuwa wamelalamika kwa miaka mingi kwamba maji ya mifereji yao ni kijivu, na Durango wenyewe walikwisha kuacha kunywa maji ya Animas mwanzoni mwa karne ya 20, wakaenda kuyachukua mto mwingine.

Mgodi wa Sunnyside ulifika chini ya ziwa dogo la mlimani, ziwa Emma. Jioni ya tarehe 4 Juni 1978 sakafu ya ziwa ilitoboka. Maji, matope na mbao vilipita ndani ya mlima mzima na kutokea kwenye handaki la American Tunnel, mahali paitwapo Gladstone juu ya Silverton, vikibeba magari ya reli. Ilikuwa Jumapili, hakuna mtu aliyekuwa ndani. Ingekuwa siku ya kazi, mji mdogo ungepoteza zamu nzima ya wanaume. Mgodi ulisafishwa, ukafunguliwa, ukaendelea hadi mwaka 1991, na hapo uchimbaji mkubwa wa San Juan ukaisha.

Yalibaki maji. Mlima uliotobolewa kwa miaka zaidi ya mia una mahandaki mengi, na kila handaki huruhusu hewa na mvua kufika kwenye chuma na salfa ambavyo vingekaa gizani. Asidi inayozaliwa huyeyusha zinki, risasi na kadimiamu. Kampuni ya mwisho ilikubaliana na jimbo kuziba American Tunnel kwa vizibo vya zege, na kuanzia mwaka 1996 vikawekwa kimoja baada ya kingine. Maji yakapanda ndani ya mlima na migodi ya jirani iliyokuwa karibu kavu ikaanza kutoa maji. Tarehe 5 Agosti 2015, kikosi kilichofanya kazi kwa niaba ya shirika la serikali kuu la mazingira kilikuwa kikichimba kwenye mlango ulioziba wa mgodi wa Gold King. Mlango ukapasuka. Lita zipatazo milioni 11 za maji ya rangi ya machungwa ziliingia kijito cha Cement, zikapita Silverton, zikafika Durango siku iliyofuata, zikaendelea New Mexico na Utah. Wakulima wa taifa la Navajo walifunga mifereji yao mazao yakiwa shambani.

Punda, baghala, barabara, reli, ndoo: kila tani ya mbale iliyoshuka ilikuwa na mtu wa kuilipia. Metali zilizoshuka na maji hazikulipiwa na mtu, na hilo ndilo deni la milima hii. Silverton kwa miaka mingi ulikataa kuorodheshwa katika mpango wa taifa wa kusafisha maeneo yenye sumu, ukihofia watalii watakimbia na uchimbaji hautarudi. Naielewa hofu hiyo. Mji wa watu 600 ulikuwa umebakiwa na njia moja tu ya kula. Baada ya Gold King viongozi wake wakakubali, na mwaka 2016 maeneo 48 yakaorodheshwa kwa pamoja.

Kutoka Silverton hadi Durango kuna njia mbili, barabara na reli. Mwenye muda achukue reli. Kilomita 72 hizi zilikamilika Julai 1882, upana wa reli ukiwa milimita 914, nyembamba hata kuliko reli ya mita moja ya Dar es Salaam hadi Kigoma, ili iweze kukata kona za korongo. Kuna mahali mabehewa hupita kwenye ukingo uliochongwa katika genge la granite, mto ukiwa zaidi ya mita mia chini ya dirisha. Siku treni ya kwanza ilipoingia Silverton, mbale duni iliyokuwa imerundikwa nje ya migodi ikawa na thamani usiku mmoja, na migodi iliyokuwa imekata tamaa ikaajiri. Durango yenyewe ilianzishwa na kampuni ya reli mwaka 1880 ili tanuri ziwe karibu na makaa. Kwenye eneo la tanuri hizo, wakati wa vita kuu ya pili, mabaki ya vanadiamu yalichenjuliwa upya kutoa urani ya mradi wa bomu la atomiki, mradi ambao sehemu kubwa ya urani yake ilitoka Shinkolobwe, Katanga.

Kufikia miaka ya 1950 mzigo mkuu wa treni ulikuwa abiria wenye kamera. Mwaka 1981 kampuni ya reli iliuza kipande hiki, na wamiliki wapya wamekiendesha kwa ajili ya watalii tangu hapo.

Animas unapita katikati ya Durango, na jioni za kiangazi watu huelea juu yake kwa mipira. Juu, Gladstone, kiwanda cha kusafisha maji kimefanya kazi tangu Oktoba 2015. Hutia chokaa kwenye maji ya Gold King ili asidi iishe na metali zitue. Mwaka 2022 kampuni ya mwisho ya Sunnyside na mmiliki wake walifikia makubaliano na serikali kuu na jimbo, jumla ya dola milioni 90 kutoka pande zote, kwa ajili ya usafishaji. Tope linalobaki kiwandani, lenye chuma, zinki na kadimiamu za mlima ule ule, hupakiwa kwenye malori na kuteremshwa bondeni.